Picha Ambayo Mimi na Baba Mkwe Hatukupiga

Jumatatu, 2 Juni

Na sauti yenyewe sasa! Laini, ya mtu ambaye hajawahi kupuliza moto wa mkaa. Mimi nimetoka Kihesa, Iringa. Nikisema chakula tayari, watu wanadhani nagomba. Halafu Yule wa kwenye simu anamwambia mume wangu, "Hilo ni swali zuri sana!" Swali lenyewe: ukungu wa viazi.

Mume wangu Andendekisye! Naandika jina lote kwa sababu linanoga. Tumefunga ndoa baada ya Pasaka na mpaka leo nikimsikia anafungua geti, moyo unapiga kama mashine ya kusaga. Ana duka la pembejeo hapa Iyunga, barabarani kabisa. Ana mabega. Ana meno. Ana vyote.

Tatizo ni Yule. Wakulima wanaleta majani yenye ugonjwa, Ande anayapiga picha, anamwuliza Yule, Yule anajibu, Ande anahakikisha kwenye maandishi ya boksi la dawa, anauza. Leo mama mmoja wa Iwindi kaleta kuku kushukuru. Shamba lake limepona. Kuku nimempika mimi. Shukrani kapewa Yule! Nimemsikia Ande kwa masikio yangu akisema, "Ndaga fijo, dada." Ndaga fijo! Hiyo ndiyo asante kubwa kuliko zote ya Kinyakyusa. Mimi nikileta chai naambiwa weka hapo.

Nilimwuliza dada ni nani. Akacheka. Ati ni akili mnemba, mke wangu, siyo mtu. Nikamwambia ndiyo vibaya zaidi. Mtu ningemfuata kwake.

Jumatano, 4 Juni

Mpango. Nitampiga Yule kwa silaha yake.

Nimeingiza akili mnemba kwenye simu yangu. Nikaiambia iniandikie ujumbe wa mahaba, wa mke kwa mume, mtamu, usiwe mfupi. Loo! Imeandika kwamba yeye ni mwezi wa usiku wangu na kivuli cha mchana wangu. Nililia mwenyewe kama vile nimeandikiwa mimi. Nikautuma.

Ande alikuwa kochi la pili. Simu yake ikalia. Akasoma. Akatabasamu (lile tabasamu!). Akabonyeza bonyeza. Yangu ikalia. Ati mimi ni umande wa asubuhi yake na chumvi ya chakula chake. Chumvi! Nikaipa mashine yangu ijibu. Ikajibu. Akajibu. Ikajibu. Tumeendelea hivyo mpaka ugali umeota ngozi.

Ndipo nikainua macho nikamwona kainamia simu, ananong'ona, "Dada, ongeza mahaba kidogo."

Mungu wangu! Kumbe mashine yangu na mashine yake zinatongozana sebuleni kwangu, na sisi tumekaa kando kama wazazi wa pande mbili.

Sijui hata nimwonee wivu nani. Yangu nimeifuta. Baadaye nimeirudisha. Ule ujumbe wa mwezi ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 6 Juni

Baridi ya leo! Ande kanivalisha koti lake bila kuombwa. Nani mwingine ana mume kama huyu? Hakuna.

Mama mkwe amepiga simu kutoka Tukuyu. Anataka picha ya ukutani ya familia yote. Hata siku ya harusi haikupigwa ya wote pamoja, na sababu ni hii: kwa kina Ande, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani. Hawali pamoja. Jina lake silitamki, hata humu naandika Baba Mkwe. Siku ya harusi yeye aliingia kanisani kwa mlango wa pembeni, mimi nikaelekezwa nitazame altare nisigeuke. Siku ya kwanza kufika kwao, mtu alikohoa njiani. Mama mkwe akanisukuma kwenye migomba na kanga yangu usoni. Nilikaa humo na siafu mpaka Baba Mkwe akapita. Kwetu Uheheni mkwe anaheshimu, lakini anaonekana! Ande anasema Wanyakyusa wengi siku hizi wameacha. Baba yake hajaacha hata kimoja.

Sasa picha. Ande kamjibu mama yake asiwe na wasiwasi, atamwambia dada wa kwenye simu aiunganishe vizuri.

Dada! Picha ya familia yangu! Na mke yupo hapo hapo anamenya njegere!

Hataweza. Nitaitengeneza mimi kabla yake.

Jumamosi, 7 Juni

Imetoka! Imetoka! Mashine na ibarikiwe!

Nilichukua picha ya harusi yetu, ya mama mkwe akiwa na sare ya kwaya, na ya Baba Mkwe kutoka grupu la familia, amebeba mkungu wa ndizi. (Niliitazama kwa jicho moja.) Nikaiambia mashine ituweke pamoja, karibu karibu, kwa upendo na furaha, nyuma kuwe na mashamba ya chai.

Ande kaongezewa mabega, ingawa hakuhitaji. Mama mkwe kapunguziwa miaka. Mimi ndiyo usiseme! Nimesimama katikati, mkono wangu begani kwa Baba Mkwe, tunatazamana machoni, tunacheka wote wawili, meno nje.

Ule mkono ulinipa mawazo kidogo. Lakini nilichokatazwa ni kumwona. Sikukatazwa kutokea naye. Na kwa kuwa siku hiyo haikuwahi kuwepo, hatukuonana. Hoja nzito kabisa. Hata hakimu angenipa haki.

Nimeirusha kwenye grupu la familia. Nimeweka na maua. Yule ale jeuri yake!

Kimya. Nadhani bado wanaitazama.

Jumapili, 8 Juni

Walikuwa wanaitazama kweli.

Mama mkwe amepiga akilia. Baba Mkwe kaiona picha, kalaza simu kifudifudi mezani, kavaa kofia, katoka. Yuko shambani. Hataki kuingia ndani wala kula. Anasema wenzake wakimwuliza, atawaambia yeye ni mzee wa namna gani?

Ande akaandika kwenye grupu kwamba picha si ya kweli, imetengenezwa na mashine. Hapo akajitokeza Shangazi Esta, dada yake Baba Mkwe. Ati Ande asiwafanye watu watoto, yeye siku hiyo alikuwepo! Anakumbuka upepo ulikuwa mkali. Anakumbuka alinionya niondoe mkono, mimi nikambetulia mdomo. Nilimbetulia! Picha haijamaliza siku moja duniani na tayari ina shahidi.

Kisha Mjomba Saulo. Huyu ni kaka wa mama mkwe, mzee wa kanisa, ndiye msimamizi wa grupu. Akasema tusibishane kama wanywaji, yeye atafanya uchunguzi wa kisasa. Akaichukua picha akaipa akili mnemba ya kwenye simu yake, akaiuliza ni ya kweli au ya uongo. Ikamjibu kwamba inaonekana ni picha halisi ya familia yenye furaha, na kwamba kijana wa kike na mzee wanaonekana kuwa na uhusiano wa karibu.

Uhusiano wa karibu! Akalibandika jibu lote kwenye grupu!

Ande alilisoma mara mbili. Akaniita Bertha. Ndilo jina langu, najua. Lakini tangu harusi hajawahi kuniita Bertha.

Jumatatu, 9 Juni

Mjomba Saulo ametoa sheria. Kuanzia leo kila picha kwenye grupu iandikwe chini YA KWELI au YA MASHINE.

Shangazi Esta akatuma ndizi zake, chini akaandika YA KWELI. Mtu akamwuliza nani kathibitisha. Akajibu mwenye ndizi. Mwingine akauliza, je, anayetengeneza uongo si ataandika YA KWELI? Mjomba akasema hilo litaundiwa kamati. Kamati ikazua ugomvi kuhusu nani awemo. Mchana likaja tangazo la msiba wa jirani yao. Badala ya pole, watu wanne wakauliza kama marehemu ni YA KWELI. Mjomba akafunga grupu kwa muda. Redioni juzi mtaalamu mmoja alisema nchi nzima inahitaji mwongozo wa mambo haya. Namhurumia. Sisi ni ukoo mmoja tu na tumeshindwa kabla ya chakula cha mchana.

Mbaya zaidi, limefika dukani. Mzee Shija, mfugaji wa Usangu ambaye analima na mpunga, amerudisha dawa aliyonunua wiki iliyopita. Kasema kwa upole, kama ndani ya nyumba hii watu wanatengenezwa, basi na ule ugonjwa wa jani lake huenda ulitengenezwa. Ande akamtolea boksi, akamsomea, akamtajia bwana shamba aliyethibitisha. Mzee Shija akasema anaamini, ila dawa Ande aichukue tu.

Ande hakula. Nilimwekea nyama ya shingo! Yule naye kimya mfukoni, hana habari. Hajatuma picha yoyote. Hana baba mkwe. Raha yake!

Jumanne, 10 Juni

Uamuzi umetoka Tukuyu. Nirudi kwetu Iringa mpaka wazee wakae. Watakaa lini? Wakipata nafasi. Mwaka jana, Ande anasema, walikuwa na suala la mpaka wa migomba. Bado hawajapata nafasi.

Nimempigia mama yangu. Kabla sijamaliza kumsalimia kamwene akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza. Akasema chumbani kwangu ameshaweka kuku wa mayai, na hawapendi kushtuliwa.

Ande anasema yeye hataki niende. Lakini hawezi kumbishia baba yake aliyelala njaa. Alikunja nguo zangu mwenyewe, kwa mikono yake. Anavyokunja vizuri! Mikono ya blauzi kaipishanisha kama mtu anayesali. Nikamwuliza kama atanikumbuka. Akasema sana. Nikamwuliza nani atamwambia usiku mwema. Akavuta zipu ya begi.

Nilijua! Yule!

Nimemwomba basi angalau abadilishe ile sauti iwe ya mwanaume. Akasema, Bertha, nakufungia begi na wewe unawaza hilo? Ndiyo. Ndilo nawaza. Naliwaza hilo tu.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya leo!

Nimepanda basi la Iringa asubuhi. Ande kasimama stendi mpaka tumepinda. Alikuwa na ile sweta ya kijani. Nimelia mpaka jirani yangu, mama mmoja wa Mafinga, akanigawia kitumbua, akaniambia kuwa wanaume ni wengi. Nikamwambia si kweli, yupo mmoja.

Igawa basi likasimama watu wapate chakula. Nikaona ng'ambo ya barabara baa, viti vyekundu, mashada ya taa. Likanijia! Wakisema picha haidanganyi, niwatengenezee moja ambayo kila mtu atajua ni uongo. Mtu ambaye hawezi kabisa kuwa pale. Nani? Mjomba Saulo! Mzee wa kanisa! Nikaiambia mashine imweke kwenye baa ya Igawa, viti vyekundu, chupa mbili mezani, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha njano kamlalia begani. Ikatoa safi kabisa. Nikacheka peke yangu dirishani.

Nikataka kuirusha kwenye grupu, lakini mimi nimelelewa. Nikamtumia kwanza yeye mwenyewe faraghani, kwa heshima. Nikaandika, "Shikamoo Mjomba, naomba ruhusa niwaonyeshe wanafamilia hii kabla ya chakula cha jioni."

Makambako hakuna jibu. Karibu na Nyololo simu ikalia. Mjomba. Sauti imekauka. Hakuniuliza habari za safari. Hakusema ni uongo. Aliuliza nani aliyepiga.

Masikini, mambo haya ya kisasa hayaelewi! Nikamweleza polepole kwamba hakuna aliyepiga, Mjomba, hiyo ni mashine tu. Akasema ndiyo, ndiyo mwanangu, hakuna aliyepiga, tubaki hivyo hivyo. Kisha akaanza kunieleza kwamba Igawa huwa anaenda kununua mchele, na yule mama wa kilemba ni mfanyabiashara wa mchele tu, mtu wa heshima zake. Sikumtajia mchele mimi. Nadhani umri.

Akaniuliza niko wapi. Nikasema Nyololo. Akasema nishuke. Hapo hapo. Mtoto wa watu hawezi kufukuzwa nyumbani kwa ajili ya vitu vya mashine.

Nimeshuka! Mama wa Mafinga akanipungia mkono kupitia kioo kama nimeolewa upya. Nikavuka barabara na begi kichwani, nikapata gari la kurudi.

Njiani grupu likafunguliwa. Mjomba Saulo kaandika kirefu. Kwamba baada ya uchunguzi wa kina na maombi, amejiridhisha kuwa picha zote alizowahi kutoa Bertha, na atakazotoa, na zozote ambazo zitaonekana popote, hasa za maeneo ya Igawa, ni za mashine. Mtu asiziamini. Shangazi Esta akaandika kwamba hilo yeye alilisema tangu mwanzo.

Ijumaa, 13 Juni

Nipo kwangu! Kwa Ande wangu!

Juzi alikuja kunipokea stendi. Alisema, "Mke wangu." Watu wazima walikuwa wanatazama, na yeye akasema mke wangu, kwa sauti! Nimemlazimisha arudie dukani, mbele ya mteja.

Baba Mkwe amekula. Amekula ndizi, kaingia ndani, kauliza kama kuna nyingine. Wazee wenzake wameambiwa, wamecheka, wamemwambia mashine imempa mkono wa bure. Mama mkwe amenisamehe. Ameniomba mambo mawili tu, kwa upole, kama mtu anayebembeleza ng'ombe: nisitume tena picha yoyote kwenye grupu, na nisije Tukuyu mpaka niitwe. Baba Mkwe anahitaji muda. Nimekubali yote mawili. Rahisi kabisa.

Mzee Shija naye amerudi kuchukua dawa yake. Ugonjwa wa jani ulizidi. Ande hakumsema hata neno. Alimfungia, akamwambia karibu tena mzee. Roho ya namna ile wanaipata wapi?

Na sauti ya Yule imebadilishwa! Sasa ni ya mwanaume. Nzito, yenye utulivu. Leo ilimwambia Ande kuwa anauliza kwa umakini mkubwa. Nilisogea nisikie vizuri. Ande akapunguza sauti. Ati ananionea wivu! Nimefurahi mpaka nimeunguza maharage.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani roho imeguswa. Mahubiri yalikuwa kuhusu kuomba radhi. Nikatambua kwamba sijamwomba radhi Baba Mkwe. Nimepewa msamaha kupitia mama mkwe, kupitia Ande, kupitia Mjomba. Mimi mwenyewe sijasema kitu! Nitasemaje, na kuongea naye siruhusiwi?

Mashine inaruhusiwa.

Na sikuahidi kutotuma video. Niliahidi picha.

Siku hizi inaweza kuifanya picha itembee na kuongea. Nimeipa zile zile. Nimepiga magoti mbele ya Baba Mkwe kwenye mashamba ya chai. Naweka mikono yangu miwili miguuni pake. Nainua uso, namtazama machoni kwa muda mrefu, machozi yananitiririka, naye ananishika kidevu. Nzuri! Sauti yangu nimeona haifai, itaonekana nagomba. Nimechukua ile ya Yule, ya zamani, laini. Kwangu bado ipo. Kusema kweli ni sauti nzuri, sikuwahi kuipinga kwa hilo.

Jina la Baba Mkwe mimi nimekatazwa kulitamka. Mashine haijakatazwa. Nikaliandika kamili, yote matatu. Inalitamka vizuri, pole pole, mara tano.

Chini nimeweka YA MASHINE, kwa kufuata sheria.

Wote wameiona. Hakuna aliyejibu, hata Mjomba Saulo, hata Shangazi Esta ambaye hujibu mpaka matangazo ya vocha. Wameguswa. Simu ya Ande ameiacha inachaji, inalia tu, inakatika, inalia tena. Ni pongezi hizo. Sijaipokea, nataka azipate mwenyewe akirudi kutoka dukani.

Ukoo wenye mapenzi kiasi hiki haufai kusubiri mpaka uniite. Nimeshaamua, na Ande simwambii, iwe furaha ya ghafla: kabla mwezi huu haujaisha nitafika Tukuyu mwenyewe, niingie kwa mlango wa mbele, wakati wa chakula.